Gigahezi Mbili Zilizoshinda Tatu

Kwa miaka mingi mnunuzi wa kompyuta ya mtumba hapa Malindi alikuja na swali moja mdomoni: "Fundi, hii ina gigahezi ngapi?" Muuzaji naye alijua jibu linalouza. Mwenye mashine ya gigahezi tatu hakuhitaji porojo. Alitaja namba, akataja bei, akanyamaza. Mwenye ya gigahezi mbili ndiye aliyelazimika kueleza, na sokoni anayeeleza sana hushukiwa kuwa ana la kuficha.

Wengi waliolipa zaidi kwa ajili ya ile namba kubwa walinunua joto.

Katika karakana moja ya mtaa wa Muyeye hapa Malindi, chumba cha kupanga chenye paa la mabati na mlango unaofungukia barabarani, masanduku mawili ya HP Compaq yamekaa chini ya meza ya fundi yakisubiri hukumu. Moja ni dc7100, jingine ni dx5150. Ni ya kampuni moja, na yote yalitengenezewa maofisi, la kwanza likitoka 2004 na la pili 2005. Ndani ya dc7100 mna prosesa ya Intel Pentium 4 530 inayokwenda kwa gigahezi 3.0. Ndani ya dx5150 mna AMD Athlon 64 3200+, ya gigahezi 2.0. Zote mbili zina kiini kimoja tu, yaani ni za zama zile kabla kompyuta za kawaida hazijaanza kuwekewa viini viwili, vinne na zaidi.

Ukizitazama kwa namba, Pentium inaizidi mwenzake kwa nusu nzima. Ukizipa kazi ya kila siku, kama kufungua programu, kupitia kurasa za intaneti au kucheza gemu, Athlon huenda sawa nayo, na mara nyingi huipita. Si siri ya fundi wa Muyeye. Vipimo vya miaka ile vilionyesha hivyo hivyo. Ila habari hiyo haikufika dukani, au ilifika ikakuta namba imeshauza.

Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Pigo, hata hivyo, halisemi ni kazi kiasi gani iliyofanyika ndani yake, na hapo ndipo Intel na AMD walipoachana njia. Chukua vibarua wanaopandisha zege kwenye ghorofa kwa kupitishiana karai mkono kwa mkono. Ukiwapanga watu 31 waliobanana, kila mmoja ana kijihatua kifupi cha kufanya. Mikono huenda mbio na mpita njia husimama kutazama. Ukiwapanga 12 waliotawanyika, kila mmoja hubeba mwendo mrefu zaidi, na mpita njia huyo huyo atawaona wazembe. Kisha nyapara anapaza sauti kutoka juu kwamba zege hiyo siyo, mwageni, leteni nyingine. Safu ndefu imepoteza makarai 31 na lazima isubiri lile la kwanza lipite mikono yote 31 tena. Safu fupi imepoteza 12.

Ndani ya kompyuta, nyapara wa namna hiyo hapumziki. Programu zimejaa njia panda za "ikiwa hivi, fanya vile", na prosesa haisubiri kujua jibu. Hubahatisha njia, huanza kazi, na ikikosea hutupa kila kilichokuwa safarini. Pentium 4 ya kizazi kilichoitwa Prescott, kilichotoka Februari 2004 na ambacho 530 ni mmoja wa wana wake, ilikuwa na hatua 31. Athlon 64 ilikuwa na 12. Zaidi ya hayo, AMD waliingiza ndani ya prosesa yenyewe kile kipande kinachoongoza mawasiliano na RAM, wakati Pentium ilipaswa kupitia chipu nyingine iliyo kando kwenye bodi. Kila data ilipohitajika kutoka kwenye RAM, Athlon ilikuwa na njia ya mkato.

Mtu atauliza kwa nini Intel, kampuni yenye wahandisi wa kila aina, ilichagua safu ndefu. Jibu langu ni kwamba soko liliitaka namba, na safu ndefu ndiyo iliyoruhusu namba kupanda. Pentium 4 ya kwanza ilizinduliwa tarehe 20 Novemba 2000 kwa gigahezi 1.4 na 1.5. Novemba 2002 ilikuwa imevuka tatu. Ukuaji wa zaidi ya maradufu ndani ya miaka miwili ni biashara tamu. Kila baada ya miezi michache unamwambia mteja kwamba aliyonunua jana imezeeka. Kizazi cha Prescott kilipokuja na transista milioni 125, zaidi ya maradufu ya zile milioni 55 za kizazi kilichotangulia, ilitarajiwa kwamba utengenezaji mpya wa nanomita 90 ungepunguza joto. Joto likaongezeka. Mei 2004 Intel ilifuta mradi wa prosesa ambayo ingefuata, Tejas. Oktoba mwaka huo ikatangaza kwamba ile ya gigahezi 4 iliyoahidiwa haitakuja, na mkuu wa kampuni wa wakati huo, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya wataalamu wa kompyuta mjini Orlando kuomba radhi. Alifanya kwa mzaha, ila magoti yaligusa sakafu. Pentium 4 ilikomea gigahezi 3.8.

Mwaka huo huo wa 2004 Intel ilianza kuziita prosesa zake kwa namba kama 530, 540 na 550 badala ya kuzitaja kwa gigahezi. Waliofundisha dunia nzima kuhesabu mapigo walikuwa wameacha kuyahesabu, wakati mnunuzi wa Malindi bado anauliza ngapi.

AMD nao hawakuwa malaika. Hiyo "3200+" kwenye Athlon si kipimo cha chochote unachoweza kukipima kwa saa wala kwa rula. Ilikusudiwa kumfanya mnunuzi aone namba inayokaribia ya jirani, ajisemee moyoni kwamba hii ni sawa na 3.2 ya wale wengine. Kwa kazi nyingi ilikuwa kweli, lakini bado ilikuwa ni kumsaidia mnunuzi aendelee na ujinga uleule. Walichofanya vizuri ni kwenye lile neno la mbele, 64. Athlon 64 ilipozinduliwa tarehe 23 Septemba 2003 ilikuwa prosesa ya kwanza ya kompyuta za kawaida za Windows yenye uwezo wa biti 64 na ambayo bado iliendesha programu zote za zamani za biti 32. Wengi waliona ni pambo. Toleo la Windows XP la biti 64 lilikuja Aprili 2005, na hata hivyo ni nani aliyelihitaji, wakati mashine ya RAM ya megabaiti 512 ilihesabiwa kuwa inatosha? Pambo hilo lilikuja kulipa baadaye sana, na nitalirudia.

Sasa, ikiwa Athlon ilikuwa nzuri kiasi hicho, mbona ukizunguka Muyeye, Maweni au Barani ukaomba kuonyeshwa kompyuta kuukuu za zama zile, karibu zote utakazoonyeshwa zitakuwa na kibandiko cha Intel? Sehemu ya jibu iko Brussels. Tarehe 13 Mei 2009 Tume ya Ulaya iliitoza Intel faini ya euro bilioni 1.06. Miongoni mwa mambo iliyodai ni kwamba kati ya Novemba 2002 na Mei 2005 HP ilikuwa ikipewa punguzo la bei kwa sharti la kununua kutoka Intel si chini ya asilimia 95 ya prosesa za kompyuta zake za mezani za ofisini. Intel ilipinga. Januari 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliifuta faini hiyo ikisema Tume haikuthibitisha ipasavyo madhara ya mapunguzo yale, na Septemba 2023 Tume ikatoza faini nyingine, euro milioni 376, safari hii kwa ajili ya malipo ya moja kwa moja ya kuwafanya watengenezaji wacheleweshe au wabane mashine zenye prosesa za AMD. Mawakili wataendelea kuvutana. Kinachotuhusu sisi ni kwamba kompyuta ya mezani ya ofisini ndiyo inayokuja kuwa mtumba wetu. Mtoto wa Ulaya anayenunua mashine ya gemu huifanyia anavyotaka mpaka ife. Ofisi hubadilisha mashine mia mbili kwa mpigo, na hizo mia mbili ndizo zinazojaza kontena. Kilichoamuliwa kuhusu ofisi za Ulaya kiliamuliwa kuhusu saiba za Malindi, vibanda vyetu vya kulipia intaneti, hata kama hakuna aliyetuuliza.

Ofisi za huko kwa kawaida huondoa kompyuta zake baada ya miaka mitatu hadi mitano. Ukijumlisha na safari ya baharini mpaka bandari ya Kilindini, mashine za 2004 na 2005 zilianza kufika pwani kwa wingi wakati ule ule kebo za intaneti zilipokuwa zikifika Mombasa: TEAMS Juni 2009, SEACOM Julai ya mwaka huo. Kwangu hili ndilo jambo linaloeleza mengi kuliko vipimo vyote vya maabara. Kabla ya 2009, saiba ya Malindi ilitegemea setilaiti au laini ya simu. Mteja alifungua barua pepe, akanyoosha mgongo, akasalimiana na jirani, na ukurasa ukawa bado unashuka mstari kwa mstari. Katika hali hiyo ungeweka Pentium ya 3.0 kando ya Athlon ya 2.0, au hata ukaweka mashine kuukuu ya megahezi 800, na mteja asingetambua tofauti. Mtandao ulificha uzembe wa kila prosesa.

Kebo zilipokuja, pazia lilianguka. Kurasa zikaanza kufika haraka, tena zikiwa nzito zaidi kila mwaka, zimejaa video na vijiprogramu vinavyotaka kuendeshwa ndani ya kivinjari. Kisha serikali nayo ikahamia humo. Mlango wa eCitizen ulipofunguliwa 2014 na marejesho ya kodi ya KRA kuhamia mfumo wa iTax, saiba iligeuka kuwa ofisi ya umma isiyo na bendera. Anayejua saiba anaijua foleni ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya marejesho ya kodi: watu wameshika vitambulisho, hewa imesimama, na mwenye saiba ana mashine nane ambazo kila moja inaonyesha kile kiduara kinachozunguka. Hapo ndipo mapigo matupu na kazi halisi vilipotengana mbele ya macho ya wateja.

Tena hatujagusa joto.

Karatasi za kiwandani zinasema Pentium 4 530 imejengwa kumudu joto la wati 84, na Athlon 64 3200+ ya nanomita 90 wati 67. Tofauti hiyo ya wati 17 inapunja ukweli, kwa sababu namba ya AMD ilikuwa ni kiwango cha juu kabisa kwa familia nzima ya prosesa hizo, na 3200+ ilikuwa miongoni mwa wadogo wa familia. Athlon pia ilijua kupumzika: isipokuwa na kazi, na mipangilio ikiwa sawa, hushusha mapigo yake mpaka gigahezi 1.0 na kupunguza umeme inaokula. Pentium 4 530 haina tabia hiyo. Mteja ameenda kununua soda, mashine imekaa bure, nayo mapigo yake ni yale yale bilioni tatu.

Sasa ilete katika chumba cha mabati cha Muyeye, wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari au Machi, ambapo hata usiku shuka hulowa. Kipoza joto cha prosesa hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Kama hewa ya chumba ni nyuzi 34, hapo ndipo kinapoanzia. Ongeza vumbi la barabara ambayo haina lami, lililoshikana na unyevu wa chumvi mpaka likawa kama kitambaa juu ya mapezi ya alumini. Pentium 4 ikizidiwa na joto ina kinga yake: hujikata mapigo yenyewe, inafanya kazi kidogo, inasita kidogo, ili isiungue. Ni kinga nzuri, imeokoa prosesa nyingi. Ila maana yake ni kwamba ile gigahezi tatu uliyolipia Machi huipati. Kibandiko kinasema 3.0 na mashine inatambaa, feni inalia kama inataka kuondoka na meza, na mwenye saiba anamlaumu mwenye mtandao.

Umeme nao una hesabu yake. Tuchukue kwamba mashine moja inaizidi nyingine kwa wati 40 ukutani, makadirio ambayo si makubwa kwa prosesa hizi mbili. Kwa saa kumi kwa siku hiyo ni uniti 0.4. Saiba ya mashine kumi inapoteza uniti nne kila siku, na kwa siku 26 za kazi ni uniti 104 kwa mwezi. Chukua tokeni yako ya mwisho ya Kenya Power, ugawe pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata, uzidishe kwa 104. Wapo waliofunga saiba wakidhani wateja ndio waliopungua.

Lakini Pentium isinyimwe haki yake. Hiyo 530 ilikuja na ujanja unaoitwa Hyper-Threading, unaoifanya prosesa moja ijionyeshe kwa Windows kama mbili na kujaza nafasi zinazobaki wazi ndani ya ile safu ndefu. Haikuwa sawa na kuwa na viini viwili, hata kidogo, ila ilisaidia mahali ambapo Athlon iliaibika. Kumbuka zama za flashi zilizojaa virusi. Mteja anachomeka flashi, kinga ya virusi inaamka na kuanza kuikagua, na kwenye mashine ya Athlon kila kitu kinaganda mpaka ukaguzi ukamilike; kwenye Pentium mshale wa panya bado unatembea, unaweza hata kumalizia kuchapa barua. Kwa mtumiaji aliyekaa mbele ya skrini, mashine inayoitikia huonekana ina kasi kuliko isiyoitikia, na sioni sababu ya kumwambia amekosea.

Nyingine ni video. Waliokuwa wakipiga picha za harusi na kuzigeuza kuwa DVD walihitaji mashine inayoweza kusaga saa tatu za picha bila kubadilisha njia, kazi ndefu, iliyonyooka, isiyo na njia panda nyingi. Hapo safu ya 31 ilikimbia bila kukatizwa na Pentium 4 iliishinda Athlon ya daraja lake. Kama ulioa au uliolewa pwani miaka ile na DVD yako ikatoka kwa wakati, huenda una deni la shukrani kwa Prescott. Feni ilipiga kelele usiku kucha, lakini bibi harusi hakuisikia.

Kumfungulia mtu mashine hizi mbili kunafundisha zaidi ya kusoma takwimu. Kwenye dc7100 prosesa haina pini; pini ziko kwenye soketi, 775 kwa idadi, na juu yake kuna bamba la chuma linalobana kila kitu mahali pake. Fundi akinyanyua kipoza joto, prosesa hubaki. Kwenye dx5150 pini 939 ziko chini ya prosesa yenyewe, nyembamba kama nywele za brashi, na kinachozishika ni wenzo mdogo wa soketi tu. Grisi iliyowekwa kiwandani 2005 imekauka ikawa gundi. Fundi asiyejua huvuta kipoza joto moja kwa moja juu, nacho hung'oka na prosesa ikiwa imeng'ang'ania chini yake, pini zikiwa zimelala upande. Anayejua huiwasha mashine kwanza dakika kadhaa ili grisi ilainike, huizima, hukizungusha kipoza joto kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka asikie kimeachia. Pini moja ikilala, huinyoosha kwa ncha tupu ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, akishikilia pumzi.

Akishaifuta grisi, maandishi yanaonekana, na hayo ndiyo yenye thamani kuliko kibandiko cha mbele. Juu ya Pentium kuna mstari kama 3.00GHZ/1M/800: kasi, kumbukumbu ya ndani ya megabaiti moja, na mwendo wa njia inayoiunganisha na bodi. Karibu yake kuna 530, 530J au 531, na tofauti ya herufi au tarakimu hiyo moja ni kubwa. 530 tupu haina kinga inayozuia programu kuendeshwa kutoka sehemu za kumbukumbu zisizoruhusiwa, 530J inayo, 531 inayo pamoja na uwezo wa biti 64. Juu ya Athlon kuna msimbo unaoanza ADA3200. Ukiishia na BI, ni ya kizazi cha Winchester. Ukiishia na BP au BW, ni Venice, iliyoongezewa kundi la amri liitwalo SSE3. Chipu zenyewe zilipikwa Dresden, Ujerumani.

Hayo ndiyo yaliyokuja kuamua nani ataishi. Microsoft ilipotoa Windows 8, na baadaye 10, iliidai ile kinga kuwa sharti. Mashine yenye 530 tupu inakataliwa mlangoni. Mwisho wake ni Windows 7, iliyoachwa bila marekebisho ya usalama Januari 2020, na kivinjari cha Chrome kwenye Windows hiyo kilisimama toleo la 109. Athlon 64 ya soketi 939 inaipokea Windows 10 ya biti 32, ingawa ya biti 64 inaikataa kwa kukosa amri moja ndogo ambayo AMD waliiongeza kwenye vizazi vya baadaye. Hata hiyo Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Upande wa Linux ndiko lile pambo la 2003 lilikolipa. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, iliacha kutoa diski ya kusakinisha kwa mashine za biti 32. Pentium 4 530 ikafungiwa nje. Athlon 64 3200+, prosesa ya gigahezi mbili ambayo muuzaji aliionea haya, inaupokea mfumo huo wa 2025 kwa usalama wake wote. Ikiwa ni Venice, hata vivinjari vya jamii ya Chrome, ambavyo tangu toleo la 89 vinadai SSE3, haviikatai kwa sababu ya prosesa. Haitakimbia. YouTube itaiumiza na eCitizen itaifanya itafakari. Ila mtoto wa sekondari anayejifunza kuchapa, kupanga jedwali na kuandika fomula katika LibreOffice, mambo yale yale yanayopimwa kwenye karatasi ya vitendo ya somo la kompyuta la KCSE, atafanya yote hayo bila shida.

Kwa hiyo hukumu yangu kwa masanduku ya Muyeye ni hii. dx5150 isafishwe, iwekewe grisi mpya na RAM ya kutosha, ipewe Debian na programu nyepesi, na ikae mahali pa kujifunzia, kamwe isiwekwe kwenye saiba ya kulipiwa. dc7100 ifumuliwe: pawa saplai kama bado nzima, waya, kiendesha diski na skrubu zake vitafufua mashine nyingine. Bodi isitupwe jaani wala isichomwe uani ili kupata shaba, kwa maana moshi wake unaingia kwenye vifua vya watoto wanaocheza pale pale. Kenya ina WEEE Centre, kituo kilichozaliwa na Computers for Schools Kenya, kinachopokea taka za namna hiyo, na mafundi wa Malindi wangeweza kukusanya zao pamoja wakazisafirisha kwa mkupuo badala ya kila mmoja kujaza kona ya chumba chake.

Walimu nao nina neno nao. Mashirika kama Computers for Schools Kenya, lililoanza 2002, na Camara, la kutoka Ireland lililofungua kituo Mombasa, yamezipa shule nyingi za nchi hii kompyuta zilizokarabatiwa, na kazi hiyo inastahili heshima. Lakini wafadhili wako wa kila namna, na wapo wanaoona shule ya Kilifi ni mahali pa kumalizia kile ambacho kwao kingewagharimu kukitupa. Ukiletewa barua ya msaada, Mwalimu, usiulize gigahezi. Uliza prosesa ina viini vingapi na kama ni ya biti 64. Julai 2006 Intel ilitoa Core 2 Duo, ikaiacha kabisa ile safu ya hatua 31 na kurudi kwenye 14. Ile ya gigahezi 1.86 ilitosha kuizidi Pentium 4 ya 3.8. Mashine yoyote iliyo nyuma ya hapo inahitaji sababu nzuri sana ya kuingia darasani mwako, kwa kuwa umeme wake utalipwa na shule.

Na wewe unayeuza, mwambie mnunuzi kabla hajatoa pesa mfukoni: Pentium 4 530 isiyo na J wala 1 mwishoni haipokei Windows 10, hata uibembeleze vipi.